Django 6.0 imetoka, mifumo ya wateja nani anaipandisha na kwa hela ya nani?

#1 Kodi_ya_Ngamiani
Wakuu salaam. Django 6.0 (fremu ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python) iko nje tangu tarehe 3 Desemba 2025 na mpaka leo kwa hapa Tanga sijakutana na mtu aliyeiweka kwenye mfumo wa mteja unaofanya kazi. Kwenye magrupu watu wanaisifia, ukimuuliza umeiweka wapi anakwambia kwenye laptopu.

Mimi nina wateja kadhaa, mkubwa ni shule binafsi njia ya Muheza, mfumo wa ada na matokeo na meseji za wazazi. Uko 4.2. Sasa 4.2 ni toleo la msaada wa muda mrefu, lilitoka Aprili 2023 na linafika mwisho Aprili 2026, yani likigundulika tundu la usalama baada ya hapo hakuna wa kuliziba. Nimemfuata mwenye shule nikamweleza taratibu, kanisikiliza vizuri tu, mwisho akaniuliza "kwani sasa hivi haufanyi kazi?" Nikamjibu unafanya. Akasema basi.

Mimi nasema hivi, hawa jamaa wanatoa matoleo kwa spidi ya watu wenye mishahara. Kila miezi minane jipya. Sisi tunaolipwa mara moja na kusindikizwa na ahsante ndo tunabaki na zigo. Au mnasemaje, shida ni wateja, ni sisi, au ni Django yenyewe?

#2 mkonge84
Shida ni wewe mleta uzi 😂 Umemuuzia mtu mfumo bila mkataba wa matunzo halafu unataka Django ikudaie. Wateja wangu wote wanajua kuna hela ya mwaka, domeni na seva na marekebisho kwenye karatasi moja. Asiyelipa nazima.

#3 BintiPangani
@mkonge84 unamzimia nani bana, Tanga hii hii? Ukizima leo, kesho mjomba wako kashapigiwa simu, Ijumaa mnakutana msikitini. Tuongee ukweli.

Mimi sipandishi kwa sababu nyingine kabisa, sina testi (kodi ndogo za kuupima mfumo zenyewe). Kodi (code) ya mfumo wa hoteli niliyoachiwa huku Pangani aliyeiandika kahamia Dar na hapokei simu, haina testi hata ya kuingia na kutoka. Nikigusa toleo sijui nini kitavunjika mpaka mgeni asimame kaunta na begi lake. Kwa hiyo naiangalia tu.

#4 fundiSeva
Mnazunguka. Jibu ni seva.

Django 6.0 inataka Python 3.12 kwenda juu. Wengi wetu seva zetu ni Ubuntu 22.04 ambayo Python yake ya kuzaliwa ni 3.10. Haiingii. Na wale wa hosti za kushea (seva moja wateja wengi) ndo basi kabisa, kuna kampuni moja nilikuwa nawalipia mteja, kile kimenyu cha kuchagua Python kiligoma kupanda miaka yote, ukiwaandikia wanakujibu "tumepokea ombi lako". Kwa hiyo hata mteja awe na hela na wewe uwe na testi elfu, hupandishi mpaka uhame seva. Na kuhama seva ni usiku mzima wa kazi ambayo mteja haioni.

#5 KangeStendi
mi nlivyosikia 6.0 ndo ya muda mrefu kwa hiyo bora kuruka 4.2 mpaka 6.0 moja kwa moja umalizane nao

#6 ShekheLinux
@KangeStendi hapana, na hili watu wengi wanalichanganya kwa sababu ya ukubwa wa namba. Kwenye Django tangu enzi za 2 yenye msaada mrefu ni ile ya .2 mwishoni: 2.2, 3.2, 4.2, 5.2. Hiyo 6.0 ni toleo la kawaida. 5.2 ilitoka Aprili 2025 na inalindwa mpaka Aprili 2028, miaka mitatu.

Na @fundiSeva hapo kwenye seva umesema kweli nusu. 5.2 inakubali Python 3.10, kwa hiyo hiyo 22.04 yako inaibeba bila kuhama popote. Mleta uzi hahitaji 6.0, anahitaji 5.2. Uzi ungeweza kuishia hapa.

#7 mkonge84
Hauishii hapo shekhe, uzi ndo kwanza unachemka 😂

#8 fundiSeva
@ShekheLinux nimekubali kuhusu 5.2 ila wateja wangu wa hosti ya kushea wamekwama chini ya hapo, Python zao ni 3.8. Hao unawaambiaje?

#9 MgosiHalisi
Nawaonea huruma jamani. Njooni Laravel, fremu ya PHP. Hosti yoyote ya elfu kumi inabeba PHP, unapakia mafaili unaenda kulala. Ndo maana mji mzima ni PHP, muulizeni kijana yeyote anayetengeneza tovuti pale Chumbageni.

#10 ShekheLinux
@MgosiHalisi karibu, ila usituuzie mbuzi kwenye gunia. Laravel kubwa mpya ni kila mwaka, 12 ilitoka Februari 2025, na kila moja marekebisho ya kawaida ni miezi 18, ya usalama miaka miwili. Siku hizi hawana toleo la muda mrefu, la mwisho lilikuwa la 6 la mwaka 2019. Kwa hiyo ukipima kwa muda wa kulindwa, wewe ndo unakimbizwa zaidi ya sisi. Na Laravel 12 inataka PHP 8.2, hiyo hosti yako ya elfu kumi ina ngapi?

#11 MgosiHalisi
Mi naongelea urahisi wa kupakia, we unaleta kalenda.

#12 WaLushoto
Kuhusu "spidi ya watu wenye mishahara" naomba nipinge kidogo, huku juu baridi kali na sina usingizi.

Django haikutoka kwenye kampuni kubwa ya programu. Ilitoka kwenye gazeti la mji mdogo, Lawrence Journal-World, Kansas huko Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wanatengeneza tovuti za gazeti, na gazeti ni kazi ya leo leo, mhariri anataka ukurasa wa uchaguzi jioni, hana habari na usafi wa kodi yako. Ndo maana ile sehemu ya admin ipo tangu mwanzo, ilikuwa ya waandishi wa habari kuingiza habari bila kumsumbua fundi. Ilianza 2003, ikatolewa bure kwa dunia Julai 2005. Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyeungua mkono kwenye moto na akaendelea kupiga solo kwa vidole viwili.

Na leo inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2008, inayoishi kwa michango. Wanaolipwa kuichunga kodi kila siku ni wachache sana, wanaitwa Fellows, wengine wote wanajitolea baada ya kazi zao. Ukisema wanatuchosha, jiulize wewe umechangia shilingi ngapi.

#13 Kodi_ya_Ngamiani
@WaLushoto historia tamu nimeipenda ila haijamlipia mwenye shule. Mtu anayejitolea Ulaya ana umeme na ana kazi nyingine inayomlipa. Mimi nikijitolea kumpandishia mwenye shule, nimejitolea kwa mtu mwenye mabasi matatu ya njano.

#14 BintiPangani
😂😂😂 mabasi ya njano

#15 ChungwaMuheza
Naomba kuingilia na kesi yangu kwa sababu imenitoa jasho. Mfumo wa kupokea machungwa kwa wakulima, nani kaleta magunia mangapi, kalipwa ngapi. Ulianza na Django 2.2. Nimeupandisha hatua kwa hatua mpaka 5.2 hamna shida. Juzi nikasema ngoja nijaribu 6.0, nikapiga makemigrations (komandi inayoandika mabadiliko ya majedwali). Sijabadilisha modeli hata moja wallahi. Ikatema hivi:

~ Alter field id on mkulima
~ Alter field id on mzigo
~ Alter field id on malipo

na kuendelea, kila jedwali. Nikajua ni kawaida yake, nikapiga migrate (inayatekeleza kwenye databesi) kwenye seva saa nne asubuhi msimu wa machungwa. Jedwali la malipo likajifunga. Wakulima foleni mpaka nje ya geti, karani ananiangalia mimi naangalia skrini. Hii ni bagi ya 6.0 au ni nini?

#16 KangeStendi
itakuwa bagi, toleo lolote la .0 usiliguse

#17 Raskazone_Dev
Mimi naona ni databesi yako imechoka, PostgreSQL ya zamani haielewani na 6.0.

#18 ShekheLinux
Si bagi wala databesi kuchoka. Zamani namba ya id ilikuwa ya aina ya kawaida, AutoField, mwisho wake ni bilioni mbili na ushee. Tangu 3.2 miradi mipya ikawa inaandikiwa BigAutoField kwenye settings, na ya zamani ikawa inapewa onyo kila ukiendesha komandi, models.W042. Wengi walilizima hilo onyo wakaendelea na maisha. Kwenye 6.0 usipoandika chochote inachukua BigAutoField yenyewe. Mradi wako ni wa 2.2, settings zako hazina huo mstari, kwa hiyo Django imeona id zote zimebadilika aina.

Ulitakiwa uweke hivi kabla:

DEFAULT_AUTO_FIELD = "django.db.models.AutoField"

Halafu ukipiga makemigrations ungeambiwa hamna mabadiliko. Na kujifunga ni kwa sababu PostgreSQL ikibadilisha safu kutoka integer kwenda bigint inaliandika jedwali zima upya, na muda wote huo hakuna anayesoma wala kuandika. Jedwali dogo hulioni, la malipo ya misimu yote utaliona.

#19 mkonge84
Kuna mtu anamigrate saa nne asubuhi msimu wa machungwa. Muheza bwana.

#20 ChungwaMuheza
@ShekheLinux Allah akulipe. @mkonge84 wewe subiri, na machungwa mwaka huu utanunua bei ya Dar.

#21 Mpemba_wa_Tanga
Hapo hapo kwenye "hatua kwa hatua mpaka 5.2 hamna shida" nina neno. Kwa 4.2 kwenda 5 mitego ipo, mleta uzi isome hii kabla hujagusa mfumo wa ada.

Kesi ya jamaa yangu, shule pia. Databesi yake ni MariaDB. Kwenye settings mtu wa zamani alifuta mstari wa USE_TZ, na mpaka 4.2 usipouweka maana yake ni False, saa zinahifadhiwa kama zilivyo ukutani. Kuanzia 5.0 usipouweka maana yake ni True. Kapandisha, ukurasa umefunguka, kila kitu kijani, kaenda kula futari. Wiki iliyofuata mkuu wa shule kamwita mhasibu, mbona risiti zinaonyesha unapokea hela saa kumi na mbili jioni wakati ofisi inafungwa saa kumi? Dada wa watu kaanza kulia. Hela ilipokelewa saa tisa alasiri. Mfumo ulisoma zile saa za zamani kama za UTC (saa ya dunia) ukaziongezea masaa matatu yetu.

Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, hakuna chekundu popote. Ni mhasibu tu karibu afukuzwe kazi kwa mstari ambao haupo.

#22 BintiPangani
Inalillahi. Ndo maana nakwambieni siigusi hii hoteli.

#23 fundiSeva
@Mpemba_wa_Tanga angekuwa na PostgreSQL asingepata hilo kwa risiti za zamani maana huko saa zinahifadhiwa kwa UTC tangu mwanzo. Naongeza mtego mwingine wa 5.0: kile kiungo cha "Toka". Kama ulikifanya kiungo cha kawaida tu kinachoelekea kwenye LogoutView, kuanzia 5.0 kinagoma, inataka fomu ya POST. Kwa mteja wangu watu walikuwa wanabonyeza Toka wanaletewa ukurasa mweupe 405, wakawa wanafunga brauza wanaondoka zao, anayefuata anakuta akaunti ya mwenzie iko wazi.

#24 mgeni_hapa
Habari zenu, mimi najifunza tu, niko Mikanjuni. Nimeanza Django mwezi uliopita kwa 6.0 yenyewe. Kwa hiyo nimeanza vibaya? Nishuke 5.2?

#25 WaLushoto
Karibu sana. Usishuke. Kwa kujifunza 6.0 ni nzuri, vitu vinakaribia kufanana, na ikitoka 6.1 unapanda, ikifika 6.2 ndo unatulia. Kuna vitu vizuri humo hata hawa wazee hawajavitumia kwa sababu wanabishana kuhusu mabasi ya njano.

#26 Kodi_ya_Ngamiani
Haya tuambie hivyo vizuri, mimi nimesoma haraka haraka tu.

#27 WaLushoto
Mimi nilichokipenda ni vipande vya templeti. Zamani ukitaka kipande kidogo cha ukurasa kijiburudishe peke yake, mfano safu moja ya mwanafunzi aliyelipa, unatengeneza faili lake pembeni, mwisho folda lina mafaili kumi ya mistari minne minne. Sasa unazungushia kipande humo humo kwa partialdef, unakipa jina, na vyuu yako (kodi inayorudisha ukurasa) inaweza kukiita peke yake kwa jina la templeti, alama ya reli, kisha jina la kipande. Wanaotumia HTMX (ya kubadilisha kipande cha ukurasa bila kuupakia wote) wanajua raha yake. Ilikuwa pakeji ya pembeni ya Carlton Gibson, sasa imeingizwa ndani.

Cha pili ni kazi za nyuma ya pazia. Mzazi akilipa meseji inatumwa pembeni, ukurasa hausubiri.

#28 Raskazone_Dev
Yani Celery (programu ya kufanya kazi za nyuma) kwisha habari yake. Nilikuwa naichukia na ile Redis inayobeba foleni yake inavyokula memori.

#29 ShekheLinux
@Raskazone_Dev punguza mwendo. Kilichoingia ni namna moja ya kuandika na kuipanga kazi. Mfanyakazi wa kuichukua ile kazi na kuifanya hayumo ndani ya boksi. Humo zimo mbili tu, moja inaifanya kazi papo hapo, hiyo haikusaidii kitu mtandao ukiwa mzito, nyingine haifanyi chochote, ni ya majaribio. Kwa seva ya kweli bado unahitaji pakeji ya pembeni, ipo inayotumia databesi yenyewe kama foleni, kwa mfumo mdogo wa shule inatosha bila Redis. Ila ukisema Celery imekufa kuna watu wataifuta kesho na meseji za wazazi zisiende.

#30 Raskazone_Dev
Sawa mwalimu. Ila mimi ndo mtu pekee kwenye huu uzi ambaye 6.0 inafanya kazi kwa mteja, mgahawa, oda na stoo. Na nina malalamiko. Tangu niiweke ikoni zote zimepotea, grafu ya mauzo haionekani, na ukurasa wa oda umekuwa mzito, asubuhi unafunguka haraka jioni unajivuta. Nilidhani ni simu ya wahudumu, hata kwenye kompyuta ya kaunta hivyo hivyo. Haya nipeni dawa.

#31 KangeStendi
6.0 imekuja na ulinzi wa CSP unazuia mafaili ya nje, ndo ikoni zako zimeliwa

#32 Mpemba_wa_Tanga
Haujiwashi wenyewe. Upo ndani lakini mpaka uweke middleware yake na SECURE_CSP. @Raskazone_Dev kuna mahali umebandika settings za mtu?

#33 Raskazone_Dev
Ndiyo nilifata video moja, kuna default-src na "self".

#34 Mpemba_wa_Tanga
Basi umeiambia brauza isipakie chochote kisichotoka kwenye seva yako, na ikoni na grafu zako zinatoka mtandaoni. Fungua konsoli ya Chrome utakuta limejaa mekundu yanataja Content Security Policy. Tumia SECURE_CSP_REPORT_ONLY kwanza, inaripoti bila kuzuia. Au zihamishie ikoni kwako, ndo bora zaidi, unakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika? Tovuti zilizokuwa na kila kitu nyumbani zilifunguka kiasi, zilizoazima fonti Ulaya zilikuwa nyeupe.

#35 Raskazone_Dev
Konsoli ni nyekundu kweli 😅 ikoni nimezirudisha. Uzito bado.

#36 fundiSeva
Uzito ni memori. Seva ya giga moja, umeweka PostgreSQL, Redis na Django pamoja, jioni oda zikijaa inaanza kutumia diski kama memori.

#37 ShekheLinux
Au Python. Hiyo 3.12 uliipataje kwenye Ubuntu ya zamani, uliijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi? Kama hukuweka --enable-optimizations ni nzito kuliko ile ya kwenye paketi za mfumo.

#38 Raskazone_Dev
Niliijenga ndiyo. Sikumbuki niliweka nini.

#39 ChungwaMuheza
Mimi nasema ni hoja za databesi. Ukurasa wa oda unaita kila bidhaa peke yake, asubuhi oda tano jioni oda mia. Ilikuwa hivyo hata kabla ya 6.0, ila hukuwa unaangalia. Weka select_related (inavuta vyote kwa hoja moja) uone.

#40 MgosiHalisi
Mimi nasema ni futari. Jioni mji mzima uko mtandaoni unasubiri adhana.

#41 BintiPangani
@MgosiHalisi ukicheka sawa, lakini huku kwetu jioni mtandao unakufa kweli. Mimi kabla ya kulaumu Django huwa naingia kwenye seva yenyewe napima kwa curl (komandi ya kuita ukurasa bila brauza). Ikijibu haraka kule ndani, shida iko njiani.

#42 Raskazone_Dev
Nimepima sasa hivi usiku, haraka tu. Jioni ndo sijapima, jioni nakuwa na kazi ya kula.

#43 mkonge84
Mmemsikia? Anapima usiku tatizo la jioni. Halafu mnaniambia tatizo ni Django.

#44 Wagosi_Damu
Kuna mtu ana matokeo ya Mkwakwani leo au wote mnamigrate

#45 mkonge84
Uzi wa mpira uko chini kaka, usituharibie funga.

#46 Kodi_ya_Ngamiani
Turudi. Nimewasoma wote. Binti anasema testi, Seva anasema seva, Shekhe anasema 5.2, mkonge anasema mkataba. Leo nimerudi kwa mwenye shule. Sikutaja Django, sikutaja Python. Nikamwonyesha ile kesi ya risiti ya #21, kwamba mifumo isiposhughulikiwa kwa mpango inaweza kumsingizia mhasibu. Akaniuliza swali moja: "Hiyo si ilitokea baada ya kupandisha?"

#47 BintiPangani
😂😂😂😂 huyo mwenye shule mpe admin ya server

#48 WaLushoto
Yuko sahihi na hayuko sahihi. Mtu akiwa na gari linalowaka kila asubuhi hapeleki gereji, mpaka siku ya breki. Sasa wewe umemtajia breki zilizoharibikia gereji.

#49 mkonge84
Nakwambieni mumlipishe mwaka. Laki tatu kwa mwaka, ndani yake kuna kupandisha toleo mara moja, ya .2 kwenda .2, kila baada ya miaka miwili. 4.2 kwenda 5.2 kwenda 6.2. Mteja hajui hata kimetokea nini. Mwenzenu nimeshafanya mbili hivyo.

#50 fundiSeva
Na hosti ya kushea ya Python 3.8?

#51 mkonge84
Hao nimewaambia wahame. Mmoja kahama, mmoja kanuna.

#52 Kodi_ya_Ngamiani
Laki tatu mwenye shule hatoi. Kwa mfumo nilioutengeneza mwanzo kwa laki nane?

#53 ChungwaMuheza
Laki nane mfumo wa ada mzima na meseji?? Kaka hapo ndo tatizo lilipoanza, wala si Django wala Python. Wewe ndo unatuharibia soko, juzi mteja ananiambia "kuna kijana Ngamiani anafanya kwa laki nane".

#54 Kodi_ya_Ngamiani
Nilikuwa naanza maisha bana.

#55 WaLushoto
Hata hivyo bei peke yake haielezi. Kuna ofisi zinalipa mamilioni na bado ziko 2.2 mpaka leo, hela ipo na watu wapo. Mimi nadhani ni woga zaidi, na kukosa watu wa karibu wa kuuliza. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar Novemba 2023, hapo ng'ambo tu ya maji, iliyofuata Arusha Agosti 2025. Kutoka Tanga walienda wangapi? Mimi Zanzibar nilienda, nilitafuta Mtanga mwenzangu wa kula nae sikumpata.

#56 Mpemba_wa_Tanga
Nilikuwepo, ila nilikuwa kwa shangazi Forodhani nakula mishikaki.

#57 fundiSeva
@WaLushoto woga unatoka kwenye seva. Ningekuwa na seva ya pili ya kujaribia ningepandisha kila siku. Woga ni kukosa pa kuharibia.

#58 BintiPangani
Pa kuharibia si laptopu yako? Chukua nakala ya databesi, ipakie nyumbani, endesha na python -Wa uone maonyo yote ya vitu vinavyoondoka. Mimi nimefanya jana kwa sababu yenu, ile hoteli imetoa maonyo skrini nzima. Jingine nimeliona, modeli ina save yake imeandikwa upya na inapasia super().save(force_insert, force_update) bila majina. Kwenye 6.0 hiyo ni TypeError moja kwa moja, kwenye 5.2 bado ni onyo tu.

#59 ShekheLinux
Sasa hapo una orodha ya kazi. Andika testi moja tu, ya mgeni kuingia chumba na kulipa. Moja. Halafu nyingine.

#60 BintiPangani
Moja tayari. Imefeli kwenye 4.2 kabla hata ya kupandisha 🙃

#61 mkonge84
Kumbe hoteli haifanyi kazi tangu zamani na wageni hawajui.

#62 MgosiHalisi
Laravel...

#63 ShekheLinux
@MgosiHalisi kafuturu kaka.

#64 mgeni_hapa
Samahani wakuu, nimejaribu vile vipande vya templeti alivyosema WaLushoto, napata TemplateDoesNotExist. Nimeandika "wanafunzi.html/safu".

#65 WaLushoto
Ni alama ya reli, si mkwaju. "wanafunzi.html#safu".

#66 mgeni_hapa
Imekubali. Ahsante. Na hii ada ya mwaka mnayosema, mtu anayeanza anaweza kumwambia mteja wa kwanza?

#67 Kodi_ya_Ngamiani
Mwambie kabla hujaandika mstari wa kwanza. Ukimwambia baada, utaulizwa kama haufanyi kazi.

#68 ChungwaMuheza
Na usimwambie laki nane.

#69 Raskazone_Dev
Jamani leo jioni nimepima. Ndani ya seva haraka, kwenye simu ya mhudumu nzito, kwenye simu yangu ya laini nyingine haraka, kompyuta ya kaunta nzito. Sasa hiyo ni ya nani?

#70 fundiSeva
Waifai ya mgahawa inashewa na wateja? Angalia jioni kuna watu wangapi wanaangalia mpira humo.

#71 ChungwaMuheza
Mimi bado naamini select_related. Weka halafu urudi.